Nguvu za wananchi: nani anapitisha mchango wa darasa?

Nguvu za wananchi ni ile sehemu ya ujenzi wa umma inayobebwa na wakazi wenyewe, kwa fedha, vifaa au kazi ya mikono, kabla Serikali haijamalizia. Kwa darasa, utaratibu uliozoeleka ni kijiji kuchimba msingi, kumwaga jamvi (zege la sakafu) na kupandisha boma, yaani kuta zisizoezekwa, hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Halmashauri ya wilaya huja na mbao, mabati, plasta, milango na madawati. Ubishi huanza pale kaya inapogongewa mlango kudaiwa fedha ambazo haikumbuki kuzikubali.

Katika vijiji vya Bagamoyo, tuseme vya kata ya Fukayosi au Yombo, mwenye kauli ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaupa mkutano huo mamlaka ya juu katika sera ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inapendekeza na kutekeleza. Kamati ya shule inasimamia shule, haitozi kaya. Na kikao cha wazazi si mkutano mkuu, hata kijae vipi: kinamwacha nje bibi asiye na mjukuu shuleni, ambaye wiki ijayo atadaiwa sawa na jirani yake.

Kuna hatua nyingine inayorukwa mara nyingi. Mkutano mkuu ukikubali mchango, huo bado ni wa hiari. Ili udaiwe kisheria, halmashauri ya kijiji huandaa sheria ndogo, mkutano mkuu huijadili, kisha halmashauri ya wilaya huiidhinisha. Bila hayo, mgambo anayebeba kuku au baiskeli ya mtu kwa sababu ya mchango hana sheria nyuma yake. Mtoto ndiye kabisa asiguswe: elimumsingi ilitangazwa kuwa bila malipo kuanzia Januari 2016, na Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima shuleni.

Wanaotaka kuruka mkutano wana hoja nzito. Watoto wamebanana, mvua za masika zinakuja, na kuwakusanya watu ni kazi. Lakini haraka hiyo ndiyo inayozaa magofu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na halmashauri huandaa bajeti miezi kadhaa kabla. Kijiji kinachoanza boma Mei bila muhtasari wa mkutano mkuu uliofika wilayani kinajenga kitu kisicho na fungu la kupaulia. Boma linanyeshewa, nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu, na waliotoa mara ya kwanza hawatoi tena. Kwa kipimo cha gharama, madarasa yaliyojengwa mwaka 2021 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 yalipangiwa shilingi milioni 20 kila moja. Kijiji kikikadiria chini sana ya hapo bila kueleza nani atajazia, swali liulizwe palepale mkutanoni.

Muhtasari mzuri unataja tarehe, orodha ya waliohudhuria pamoja na saini zao, kiasi kwa kila kaya, waliosamehewa, na thamani ya kazi kwa fedha. Hilo la mwisho lina uzito wake: aliyesomba mchanga siku mbili amechangia, na asipoandikwa atadaiwa tena. Kila fedha ipewe stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu unaofuata, ambao sheria inataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu.

Mkutano pia ndiyo mahali pa kukataa mchanga wa ufukweni. Pwani unapatikana bure, hivyo huandikwa haraka kama mchango wa kijiji, lakini chumvi yake hula nondo za lenta na zege hupasuka. Mchanga wa mtoni au wa machimbo una gharama ya lori, na gharama hiyo iingie kwenye makadirio kabla watu hawajanyoosha mikono.

Tanga mjini hali ni tofauti kidogo. Mtaa una mkutano na kamati yake, ila sheria ndogo hutungwa na Halmashauri ya Jiji. Kwa hiyo kiwango cha lazima kilichotangazwa na mwenyekiti wa mtaa peke yake kiulizwe: kimetoka katika sheria ndogo ipi?