Hizo mbao za mbele ndo zenyewe, msizing'oe

Kila nikiitwa kukarabati jengo huku Mji Mkongwe, Unguja, naambiwa maneno yale yale: "Fundi, huu mlango wa nakshi usiuguse, ni urithi, ila hizo mbao za mbele za kufungia duka toa weka kioo, hapo palikuwa duka la Muhindi tu." Duka la Muhindi tu! Nshachoka kujibu mdomoni, leo naandika.

Haya, toka Darajani ingia Changa Bazaar, tokea Hurumzi, kata Gizenga mpaka nyuma ya Ngome Kongwe. Majumba ya Kiomani, yale ya ukuta mtupu na ua katikati, utayakuta machache, kila moja limejitenga kama halitaki kusalimiwa. Zilizobaki zote zimebanana, chini biashara juu watu. Ukizitoa hizo nyumba za duka huna mtaa tena, una majumba na vichochoro. Na UNESCO ilivyouingiza mji kwenye orodha 2000 iliuingiza mji, sio milango.

Historia nitaikimbiza. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarati, huko India, walikuwa wanakuja na kaskazi wanarudi na kusi, Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipohamia Unguja miaka ya 1830 wakazidi, forodha yenyewe ikakodishwa miaka mingi kwa kampuni ya Jairam Shivji. Mabaniani, yaani wafanyabiashara wa Kihindu, wengi mwanzoni waliacha wake zao kwao, duka na stoo nyuma vinamtosha. Makhoja na Mabohora, Wahindi Waislamu, wakaja na familia, na familia inataka ghorofa, jiko, roshani ya kuangalia njia bila kuonekana. Barghash, mtoto wa Said, naye kabla hajawa sultani 1870 alishakaa Bombay uhamishoni, akarudi na jicho la kule. Basi, hiyo inatosha.

Sasa hizo mbao. Uso wa duka la zamani ni uwazi mpana kati ya nguzo, umefungwa kwa mbao za kukunja, nne au sita, zina bawaba katikati. Asubuhi unazikunja kushoto na kulia, duka lote linakuwa wazi. Kwengine hazina bawaba, zinachomekwa moja moja kwenye mfereji wa kizingiti, na ukizigeuza upande wa ndani unakuta fundi kapiga alama za patasi ili kila ubao urudi pake. Chini zimelika kwa mvua, karibu na komeo pana doa jeusi linang'aa kwa viganja vya watu. Hiyo yote kontrakta anaiita kuni.

Na sakafu. Sakafu ya duka imeinuliwa, iko sawa na baraza au juu kidogo, mkaiona kosa la ujenzi. Mwenye duka alikuwa anakaa chini kakunja miguu juu ya mkeka, bidhaa zimemzunguka anazifikia kwa mkono, mteja kakaa barazani au kasimama njiani, wanaangaliana uso kwa uso, wanapunguziana bei, habari za mtaa zinapita hapo hapo. Biashara ilikuwa inafanyika pale pale nyumba inapokutana na njia, hakuna aliyekuwa "anaingia dukani". Ukiweka kioo na kiyoyozi ushaikata hiyo, ukishusha na sakafu ili mtalii asijikwae ushamaliza kabisa, baraza inabaki haina kazi na mwakani utaivunja upitishe vespa.

Kuna wanaosema urithi wa Kihindi si upo, Dispensari ya Ithnasheri kule Mizingani. Ipo, nzuri, mfanyabiashara Tharia Topan aliianza 1887 akafa 1891 haijesha, miaka ya 1990 mfuko wa Aga Khan ukaikarabati vizuri. Lakini ile ni tajiri anajionesha, na tajiri siku zote atapata wa kumhifadhi. Muuza binzari wa Hurumzi nani anamhifadhi?

Tena nyinyi wa kuunganisha fremu mbili za duka mpate shoorumu. Unajua kwanini fremu ni nyembamba? Boriti za mkoko zinabeba kama mita 3, hapo basi, ndo maana duka likawa jembamba na refu linaenda nyuma hadi uani. Ukuta wa kati umelalia boriti zako na za jirani. Ukiuvunja umemvunjia na yeye.

Ah, na tembo. Ati misumari ya shaba mlangoni ilikuwa kuzuia tembo wasisukume. Tembo gani Shangani jamani? Mtindo ulikuja kutoka Bara Hindi na kisa cha tembo wa vita kikaja nao, huku ilikuwa urembo na kuonesha uwezo. Na ule mlango wa upinde wenye maua tele mnaouita wa Kiarabu ni mtindo wa Kihindi wa mwisho wa karne ya 19. Wa zamani zaidi juu yake umenyooka. Kwahiyo mnahifadhi cha Muhindi huku mnatupa cha Muhindi, mnacheza.

Ila hapa nami napata tabu. Kwenye fomu za ukaguzi tunajaza neno moja, Kihindi au Kiarabu. Sasa Muhindi kanunua nyumba ya Muomani katoboa maduka chini, Muomani kamwita seremala wa Kihindi amwekee roshani, aliyechonga Mswahili. Utaandika nini? Mimi naandika neno litakalozuia mtu asivunje, na sina hakika kama huo ni ukweli au ujanja. Halafu baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walioziacha hizo nyumba hawakurudi, wakaingia wapangaji ambao ndo wamezishikilia mpaka leo kwa mifuko mitupu, ukimwambia atumie chokaa badala ya saruji anakuangalia tu. Na duka lenyewe saa hizi linauza picha za tingatinga kwa watalii. Mbao nazirudisha vizuri, muuza nguo simrudishi, siku nyengine najiuliza nahifadhi au napamba.

Anyway, kioo tunaweza kukiweka, ndani, nyuma ya mbao, kwenye fremu yake inayotoka bila kugusa nguzo. Kiyoyozi kiende uani. Mbao zikunjwe kila siku, zikikaa mwezi bila kuguswa bawaba zinaganda kwa chumvi. Plasta ya chokaa usinikimbize, inataka kukauka taratibu, ile ya saruji inafungia unyevu ndani na ukuta wa mawe unaoza. Na wale jamaa wa hoteli wakija kukununulia mbao za zamani wakageuze meza, usiuze, mvule mpya wa upana ule ukiulizia bei utakaa chini.