Malkia Juana na jeneza la mumewe: yanayosemwa na yaliyotokea

"Si yule malkia wa Hispania aliyerukwa na akili kwa mapenzi, akazunguka nchi nzima miaka na miaka na maiti ya mumewe?" Hapana. Hakuzunguka nchi nzima, haikuwa miaka na miaka, na safari yenyewe ilikuwa na sababu zake.

Mumewe, Felipe, alifariki Burgos, kaskazini mwa Hispania, tarehe 25 Septemba 1506, baada ya homa ya siku chache. Wosia wake ulisema akifia Hispania azikwe Granada, kusini, alikolala mama mkwe wake, Malkia Isabel. Kutoka Burgos hadi huko ni zaidi ya kilomita 600. Juana aliutoa mwili katika monasteri ya Miraflores tarehe 20 Desemba, katikati ya baridi, akiwa na mimba ya miezi minane. Hakufika mbali. Alikwamia Torquemada, na tarehe 14 Januari 1507 akajifungua Catalina, mtoto wake wa sita. Tauni ilipoingia, akahamia kijiji jirani cha Hornillos. Agosti baba yake, Fernando, alirejea kutoka Napoli, wakakutana Tórtoles, na habari ya Granada ikaishia hapo. Vituo vyote hivyo viko ndani ya kilomita 100 kutoka Burgos, na muda mwingi msafara ulikuwa umetua.

Jeneza lilifunguliwa, hilo ni kweli. Lakini moyo wa Felipe ulikuwa umeshapelekwa kwao Flanders, na palikuwa na uvumi kwamba watu wake wangeuchukua na mwili. Mjane kuhakikisha aliyemo ni mumewe si wazimu. Isitoshe, mjane wa miaka 27 mwenye taji la Castilla, ufalme aliourithi kwa mama yake, alikuwa windo. Hata Mfalme Henry VII wa Uingereza alimtaka. Asiyemaliza kuzika ana udhuru wa kutoolewa.

Wasimulizi huiruka siku moja: tarehe 18 Desemba, siku mbili kabla ya kuondoka, Juana alitia saini amri ya kufuta ruzuku zote zilizogawiwa tangu mama yake afariki. Wakuu waliokuwa wamezipokea hawakuwa na sababu ya kumsifia akili. Wengi hawasomi amri hiyo. Wanaangalia mchoro wa Francisco Pradilla ulioko makumbusho ya Prado, wenye mishumaa na jeneza uwanjani. Ulichorwa 1877!

Ndoa nayo husimuliwa kana kwamba tatizo lilikuwa wivu wa mke tu. Wivu ulikuwepo, na Felipe aliuchochea kwa wanawake wake. Lakini pia alishika fedha za mkewe na kumchagulia watumishi, na mweka hazina Martín de Moxica aliandika orodha ya vituko vya Juana ikapelekwa kwa mama yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Juni 1506, kwa mkataba wa Villafáfila, mume na baba walikubaliana kumweka kando Juana. Siku hiyohiyo Fernando akaukana kwa siri. Kila ukikuta tamko kwamba Juana hawezi kutawala, tazama nani angetawala badala yake.

Wengine hudai alivuliwa taji. Hakuvuliwa. Wawakilishi wa miji walimwapia kuwa malkia huko Valladolid Julai 1506, naye akafa akiwa malkia, tarehe 12 Aprili 1555. Sarafu zilizopigwa Mexico zilibeba jina lake pamoja na la mwanawe Carlos.

Eti alijifungia mwenyewe katika jumba la mji wa Tordesillas? Alipelekwa na baba yake mwaka 1509, na mwanawe akamwacha humohumo. Fernando alipofariki mwaka 1516, Juana alifichwa habari hiyo kwa miaka. Waasi wa Comuneros, watu wa miji ya Castilla waliompinga Carlos, walipouteka mji mwaka 1520 walimsihi aweke saini kwenye amri zao. Alikataa, na saini hiyo moja ingemtikisa Carlos vibaya.

Msikimbilie upande wa pili pia, mkasema alikuwa mzima kama sisi. Novemba 1503, alipozuiwa kurudi kwa mumewe, alikaa kwenye lango la ngome ya La Mota baridini, akikataa kuingia ndani. Baadaye kususia chakula na usingizi kulijirudia. Lakini kumpachika skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwa barua za watu waliougombea urithi wake ni kubahatisha: hakuna daktari anayempima mgonjwa kwa maneno ya mdai wake.