Mama, mtoto na mjukuu: maana ya kupunguza miradi unapouza mtandaoni

Ukipita kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, Kibosho au Machame ukakuta shina la mgomba lina machipukizi nane au tisa yaliyosongamana, unajua kabisa kwamba mwenye shamba hayupo, au yupo lakini amechoka. Shina linalotunzwa huachiwa migomba mitatu: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu ambaye ndiyo kwanza anachomoza. Mengine hung'olewa, hata kama yana afya. Yote yananyonya udongo uleule na maji yaleyale, na ukiyaachia yote utavuna mikungu myembamba isiyofika sokoni.

Nimeanza na mgomba kwa sababu kupunguza miradi ni jambo ambalo wauzaji wengi wa mtandaoni wakilisikia hudhani ni ushauri wa mtu mwoga. Mkulima anayeng'oa machipukizi hamwogopi mtu. Anataka mkungu mnene.

Kupunguza miradi ni kuamua kwamba mambo unayoyasukuma kwa wakati mmoja hayatazidi yale ambayo saa zako zinaweza kuyafikisha mwisho. Uzito wote uko kwenye hayo maneno "kwa wakati mmoja". Hukatazwi kuwa na mawazo mengi, wala hulazimishwi kubaki na biashara moja maisha yako yote. Mjukuu yupo pale shinani na zamu yake itafika, ila mkungu wa leo haudaiwi kwake.

Kwanza tuelewane mradi ni nini, maana hapa watu huchanganya. Dada anayeuza vitenge Arusha kwa kutumia Instagram na pia WhatsApp ana mradi mmoja wenye milango miwili. Mzigo ni ule ule, wateja ni wale wale, hata picha ni zile zile. Akianza kuwatafutia wageni magari ya kwenda Ngorongoro, huo ni mradi wa pili, hata kama anautangaza kwenye ukurasa uleule. Mteja wake ni mwingine, maswali ni mengine, na lawama zikija zitakuwa za aina nyingine. Mimi hupima hivi: nikiliacha jambo hili wiki mbili bila kuligusa, kuna watu watakaoniuliza ambao hawaniulizi kwa jambo lile jingine? Kama wapo, huo ni mradi unaojitegemea na unakula kwenye sahani yake.

Mtandaoni miradi huota haraka kwa sababu kufungua ni bure. Ukitaka kizimba cha mitumba Memorial, Moshi, utadaiwa kodi, utanunua robota, utakaa pale tangu asubuhi. Gharama hiyo inakulazimisha ufikiri kabla hujafungua cha pili. Ukurasa mpya unaufungua ukiwa kwenye daladala kati ya Kiboriloni na mjini, na ukishuka tayari una jina, nembo na picha ya kwanza. Kodi yake huioni siku hiyo. Inaanza kudaiwa baadaye, kidogo kidogo: meseji inayotaka bei, picha inayotakiwa kila siku, mteja wa Dodoma anayeuliza kifurushi kimefika wapi, bando, nauli ya bodaboda hadi stendi. Kila mradi una deni la kila siku, na deni hilo halipungui kwa sababu tu mradi hauingizi fedha. Mradi usiouza wakati mwingine hudai zaidi, kwa kuwa unajitahidi kuufufua.

Nimelipa deni hilo kwa miaka miwili. Nilikuwa nauza kahawa ya kukaanga hapa Moshi, nauza viatu vya mtumba, nawapeleka wageni kwenye maporomoko ya Materuni na chemchemi ya Chemka, na jioni natengenezea watu tovuti. Nilijiona mchapakazi, na kweli nilikuwa nachoka. Lakini kahawa iliyosagwa haivumilii uzembe. Harufu yake hupungua tangu siku inaposagwa, na pakiti iliyokaa kwangu siku tisa kwa sababu nilikuwa Chemka na wageni ilimfikia mteja ikiwa si ile aliyoisifia mara ya kwanza. Hakugombana nami. Aliacha tu kuagiza. Mteja wa namna hiyo humjui hadi siku unapopekua daftari na kuona jina lake halijarudi tangu Machi.

Sasa hesabu, maana jambo hili lina hesabu yake na si suala la tabia tu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo leo inabeba jina lake. Ukiiweka kwa lugha ya muuzaji, inasema hivi: kwa wastani, muda ambao oda husubiri ni idadi ya oda zilizomo mkononi ukigawa kwa idadi unayoweza kuimaliza kwa siku. Una oda 20 na unaweza kufunga na kusafirisha 5 kwa siku; mteja atasubiri siku 4. Ukipokea nyingine hadi zikafika 40 na mikono haijaongezeka, atasubiri siku 8. Hakuna bidii inayoifuta hesabu hiyo. Utapunguza kilichomo ndani, au utaongeza kasi ya kutoka.

Miradi nayo ni vivyo hivyo. Chukua miradi minne, kila mmoja unahitaji wiki tatu za kazi kabla haujaanza kuuza. Ukiizungukia wiki moja moja, wa kwanza utakamilika wiki ya 9, wa pili ya 10, wa tatu ya 11, wa nne ya 12. Ukiifuatanisha, umalize mmoja ndipo ushike mwingine, itakamilika wiki ya 3, ya 6, ya 9 na ya 12. Wa mwisho umekamilika siku ile ile, hukupoteza chochote. Lakini wa kwanza umekwisha kuuza wiki sita kabla ya yule wa kwanza wa njia ya kuzungukia kufungua mlango. Fedha hizo ndizo zingenunua mzigo wa mradi wa pili. Nilipoiandika hesabu hii kwenye karatasi kwa mara ya kwanza niliitazama muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba kusukuma yote pamoja ndiko kuwahi.

Na hapo sijahesabu gharama ya kuhamahama. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti unaoonyesha kwamba mtu akiiacha kazi kabla hajaimaliza na kwenda kwenye nyingine, sehemu ya fikira zake hubaki kule alikotoka, na kazi ya pili huifanya chini ya uwezo wake. Anayejibu swali la saizi ya kiatu huku akipanga bei ya safari anaijua hali hiyo bila kusoma utafiti. Methali yetu husema mshika mbili moja humponyoka. Nionavyo mimi, mtandaoni ni vibaya kuliko hivyo, kwa sababu hakuna kinachoponyoka. Vyote viwili vinabaki mkononi, vimenyauka, na wewe unaendelea kuvishika.

Huku kwetu kuna chanzo kingine cha miradi mingi ambacho sijaona kikizungumzwa vya kutosha: msimu. Arusha na Moshi hupumua kwa utalii. Kuanzia Juni hadi Oktoba wageni ni wengi, waongozaji na wapagazi wako mlimani au mbugani, simu hazishikiki. Masika ikiingia, Aprili na Mei, mji unatulia. Mtu aliyekuwa akipanda na wageni kila wiki anakaa nyumbani akitazama mvua, simu mkononi. Hapo ndipo kurasa mpya huzaliwa: asali, batiki, masomo ya Kiswahili kwa wageni, chaneli ya mapishi. Zinaanza vizuri kwa sababu muda upo. Julai ikifika, muda unarudi mlimani, na kurasa zinabaki na picha za Mei. Mwaka unaofuata, badala ya kuurudia ule wa asali, anafungua mwingine, kwa kuwa ule wa zamani unamkumbusha kushindwa.

Sidhani kama watu hao wana kasoro. Waliupima mradi kwa saa za Mei, wakati ulipaswa kupimwa kwa saa za Agosti. Kabla ya kufungua chochote masika, jiulize wiki yako yenye shughuli nyingi kuliko zote ina saa ngapi zilizobaki. Zikiwa tatu, basi mradi wako uwe wa saa tatu. Masika yenyewe itumie kufanya yale ambayo hayadai kila siku: kupiga picha za akiba, kuandika maelezo ya bidhaa, kupanga daftari la wateja.

Mtu wa huku ana haki ya kunipinga hapa. Ataniambia: mzee wangu alilima kahawa, ndizi, maharage na magimbi kwenye kihamba kimoja, akafuga na ng'ombe, na alitusomesha wote. Mbona yeye hakupunguza? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifundisha zaidi. Kihamba kina vitu vingi lakini ni mradi mmoja. Mgomba unaipa kahawa kivuli. Majani na vipande vya mgomba vinalisha ng'ombe zizini, samadi inarudi kwenye mgomba na kahawa. Kila kitu kinakula mabaki ya kingine, na mkulima hatoki nje ya uzio. Ukitaka kujua kama vitu vyako vitatu ni kihamba au ni mashamba matatu yaliyo vijiji tofauti, uliza: kazi niliyoifanya kwa hiki imekipunguzia kazi kile? Mgeni wangu wa Materuni aliyeonja kahawa kule na kuniagiza pakiti baada ya kurudi kwao alikuwa ndani ya kihamba. Viatu vya mtumba havikuwa. Tovuti za watu ndizo zilikuwa mbali kabisa, ng'ambo ya mto.

Pingamizi la pili nalo lina ukweli, na lisipuuzwe. Bei ya kahawa ilipoporomoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliokuwa wameitegemea peke yake mkoani Kilimanjaro waliumia sana, na wapo waliogeukia ndizi na mboga. Kutegemea kitu kimoja kuna hatari. Lakini tenganisha vyanzo vya kipato na mambo yanayodai umakini wako kila siku. Chumba ulichopangisha Pasua kinakuingizia fedha na hakikuulizi chochote hadi bomba lipasuke. Hicho si mradi wa kupunguza. Kinachopunguzwa ni kile kinachokuita kila asubuhi.

Na hata ukibaki na mradi mmoja, usiuwekee mlango mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote. Wauzaji waliokuwa na namba za wateja wao kwenye daftari walipiga simu na kutuma meseji za kawaida. Wengine walikaa tu. Kuandika namba 200 kwenye daftari ni kazi ya jioni chache, na ni ulinzi bora kuliko kufungua biashara ya pili.

Ubaki na upi? Watu huangalia wafuasi, na hapo hukosea. Mimi niliangalia wanaorudi. Nilichukua miezi sita iliyopita, nikaandika kwa kila mradi ni wateja wangapi walinunua zaidi ya mara moja, fedha iliyobaki baada ya mzigo, bando na usafiri, na saa nilizotumia kwa makadirio. Viatu vilikuwa na wafuasi wengi kuliko vyote vingine vikijumlishwa, na karibu kila mnunuzi alinunua jozi moja akapotea. Kahawa ilikuwa na watu wachache, lakini walikuwa wakirudi, kwa sababu kahawa huisha.

Kufunga nako kuna adabu yake. Usiuache mradi ukafa wenyewe, maana uliokufa bila kutangazwa bado unapokea meseji. Malizia oda zote. Rudisha fedha za aliyelipia kisichokuwepo tena. Waambie wateja kwa ujumbe mfupi kwamba umesimamisha, na kama unamjua mtu mwaminifu anayefanya kazi hiyo, waelekeze kwake. Mzigo uliobaki uza hata kwa hasara ndogo. Fedha uliyokwisha itumia hairudi kwa wewe kuendelea kuukalia mzigo. Jina la ukurasa usilifute, liache na maelezo kwamba umefungwa.

Viatu jozi 31 niliviuza kwa jumla kwa mama mmoja wa Memorial, kwa bei ambayo iliniuma siku hiyo. Akaniuliza, "Mwanangu, umeshindwa?" Nikamwambia hapana mama, nimepunguza. Akatikisa kichwa na kuanza kuvipanga kwa saizi, kwa kasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo yeye alikuwa anauza viatu tu.

Kuhusu lini uongeze, kipimo changu ni hiki: mradi wa kwanza uweze kwenda wiki mbili ukiupa saa moja tu kwa siku, bila oda kuchelewa na bila mteja kulalamika. Kwangu ilichukua miezi kumi na nne na msaidizi wa kufunga pakiti. Safari za Materuni nimezirudisha sasa, Jumamosi peke yake.