Kabla ya vidonge, kinyama kwanza

Simu nyingine tena, safari hii kutoka Masasi. "Dokta, korosho tumeuza, hela ipo. Tunataka mzee aachane na dripu za kemo za saratani ya mapafu, tumnunulie vile vidonge vipya." Nikauliza: majibu ya jeni ya EGFR kwenye kinyama, kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, yanasemaje? Kimya. Kisha: "Lakini mzee hajavuta sigara maisha yake yote."

Jamani, vidonge hivi si kemo iliyoboreshwa. Gefitinibu na wenzake huzuia EGFR, na hufaa pale uvimbe wenyewe una mabadiliko kwenye jeni hiyo, hasa kwenye vipande vyake viwili: eksoni 19, au eksoni 21 (badiliko liitwalo L858R). Bila hayo, mnameza bei.

Na hilo la sigara ndilo linalonichosha. Utafiti wa IPASS uliochapishwa 2009 ulichukua wagonjwa 1,217 wa Asia ya Mashariki wenye adenokasinoma, aina mojawapo ya saratani ya mapafu, ambao hawakuvuta kamwe au walivuta kidogo wakaacha. Yaani hasa wale ambao kwa kuwatazama tu ungeapa wana mabadiliko. Majibu ya kipimo cha jeni yalipatikana kwa 437, na wenye mabadiliko walikuwa 261. Asilimia 60! Kwa hao, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 71 ya waliomeza gefitinibu, dhidi ya 47 ya waliopata kemo. Sasa njoo kwa wasio nayo: waliomeza vidonge, asilimia 1, waliotundikiwa dripu, karibu 24. Hao nao hawakuwa wavutaji. Mzee akiangukia kundi hilo, mmemwachisha dawa inayoweza kumsaidia, tena kwa gharama kubwa. Kutovuta sigara huongeza uwezekano wa kuyakuta mabadiliko, basi. Na salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo hapa Mtwara kila mtu huniulizia, haibadilishi lolote katika uamuzi huu.

Jambo jingine: "haikusomeka" si "hakuna". Kinyama kikilowa kwenye fomalini zaidi ya siku tatu kikingoja gari la Dar es Salaam, DNA hukatikakatika na maabara hushindwa kuisoma. Wapo hata wenzetu madaktari wanaoandika "hana" kwenye faili. Kipimo cha damu nacho ni hivyohivyo, maana uvimbe mwingine humwaga DNA kidogo mno kwenye damu. Kikikosa kitu, bado kinyama kinahitajika.

Mimi mwenyewe nina mashaka yangu. Naandika "uvimbe una mabadiliko" ilhali nimeona kipande chenye ukubwa wa punje ya mchele. Upande wa pili wa uvimbe sijaugusa. Halafu asilimia 71 si 100. Wanaobaki wana jeni ileile na kidonge kilekile, na chini ya darubini sioni kinachowatofautisha. Hata anayepata nafuu, saratani kwa kawaida hujifunza kukwepa. Kwa karibu nusu ya waliotumia dawa za mwanzo, uvimbe huota badiliko jipya la EGFR, T790M, linaloifanya dawa ishindwe. Osimetinibu, iliyoidhinishwa Marekani 2015, ilitengenezwa kwa ajili hiyo, na siku hizi huanzwa nayo. Nayo hukwepwa pia.

Mgonjwa akihamishiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ombeni bloku yake ya parafini, yaani kinyama chake kilichohifadhiwa kwenye nta, iende naye. Huwa tunaitunza, na ikiwa bado ina nyama ya kutosha, hakuna haja ya kumchoma sindano upya.