"Nanomita 7" kwenye prosesa: maana yake nini hasa?

Kijana mmoja wa Bukavu anayesoma Makerere alifika kwenye meza yangu hapa Wandegeya, Kampala, akitafuta laptopu iliyotumika. Nikamwekea tatu, zote ThinkPad: T460, T480, na T14 yenye prosesa ya AMD. Hakuuliza RAM wala diski. Aliuliza, "Kaka, hizi ni nanomita ngapi?" Nikamwambia mbili za kwanza ni 14, ya tatu ni 7. Palepale akaivuta ile ya tatu upande wake. "Basi hii ina nguvu mara mbili."

Swali lake lilikuwa zuri. Jibu alilojipa ndilo ninalolisikia kila wiki, na watu wanatoa pesa ngumu kwa sababu yake, kwa hiyo nimeona niliandike jambo hili kwa utulivu.

Nanomita ni kipimo cha urefu. Chukua milimita moja, igawe vipande milioni moja, kila kipande ni nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Ndani ya prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote, kuna swichi ndogo mno ziitwazo transista. Kila moja inaruhusu umeme upite au inauzuia, na hesabu zote za kompyuta zinatokana na huko kufungua na kufunga. Prosesa ya kwanza ya Intel, iliyoitwa 4004 na kutoka mwaka 1971, ilikuwa na transista zipatazo 2,300. M1 ya Apple ya mwaka 2020 ina bilioni 16, na bado kipande chake cha silikoni hakizidi ukucha wa kidole gumba.

Zimeingiaje zote hizo? Fikiria shamba la migomba. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kila upande, ekari moja inachukua migomba kama 450. Punguza nafasi iwe mita 2.1, yaani asilimia 70 ya ile ya kwanza, na ekari ileile itachukua zaidi ya 900. Umepunguza kidogo kwa urefu na kidogo kwa upana, idadi imekuwa maradufu. Sasa tazama namba za prosesa jinsi zilivyofuatana: 14, 10, 7, 5. Kila moja ni karibu asilimia 70 ya iliyoitangulia. Mfuatano huo ulitokana na ahadi ya kwamba kila kizazi kipya cha kiwanda kingepanda transista mara mbili kwenye eneo lilelile. Gordon Moore, mmoja wa waanzilishi wa Intel, alishaona mwelekeo huo mwaka 1965, na mwaka 1975 akaurekebisha: idadi ingekuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya miaka miwili hivi.

Zamani namba hiyo ilipimika kweli. Ilihusu sehemu ndogo kabisa iliyochorwa kwenye chipu, yaani kile kipande cha silikoni chenye transista, hasa urefu wa lango, ile sehemu ya transista inayofungua na kufunga njia ya umeme. Kuanzia miaka ya 1990 namba na lango vikaanza kuachana. Lango likifupishwa kupita kiasi, umeme unavuja hata swichi ikiwa imefungwa, chipu inachemka bure na betri inaisha. Ni kama migomba iliyobanana hadi ikanyang'anyana maji. Wahandisi wakatafuta njia nyingine. Mwaka 2012 Intel ilileta sokoni prosesa za nanomita 22 ambazo njia ya umeme haikulala chini tena: imesimamishwa kama pezi la samaki, na lango limeikumbatia kutoka pande tatu. Transista ikawa bora bila kufupishwa kwa kiasi ambacho namba inadai. Namba zenyewe zikaendelea kushuka kwa desturi ileile ya asilimia 70.

Sisi tuna neno lililopitia njia hiyohiyo. Bodaboda ilianzia Busia, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda, na jina likatokana na huo mpaka. Leo unapanda bodaboda kutoka Wandegeya hadi Ntinda na hakuna mpaka wowote unaouvuka. Jina limebaki na linaeleweka, ila halikuambii tena umesafiri wapi. "Nanomita 7" ni jina la namna hiyo: jina la kizazi cha teknolojia ya kiwanda. Kwenye chipu za nanomita 7 za TSMC, kiwanda cha Taiwan nitakachokirudia baadaye, umbali kutoka lango moja hadi jingine unazidi nanomita 50.

Hapo ndipo penye mtego kwa mnunuzi, kwa sababu kila kiwanda kinajipa jina lake. Kizazi ambacho Intel ilikiita nanomita 10 kinapanda transista kama milioni 100 kwenye milimita moja ya mraba. Kile ambacho TSMC ilikiita nanomita 7 kinapanda zaidi kidogo ya milioni 90. Soma namba peke yake na utadhani 7 imeiacha 10 mbali. Hesabu miti shambani na utakuta ni karibu sawa.

Ushindani wa Intel na AMD, watengenezaji wa prosesa za laptopu zile tatu, una historia ndefu. Intel ilianzishwa mwaka 1968, AMD mwaka 1969. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, haikutaka kutegemea muuzaji mmoja wa prosesa, kwa hiyo AMD ikapewa ruhusa ya kutengeneza kwa usanifu wa Intel. Tangu hapo hawa wawili wamefukuzana, mara sokoni, mara mahakamani. Kwa muda mrefu Intel ndiyo iliyotangulia, na siri yake ilikuwa viwanda. Ilichora prosesa zake yenyewe na kuzitengeneza yenyewe, kizazi kimoja mbele ya wenzake. AMD ililemewa na gharama za viwanda, na mwaka 2009 ikavitenga vikawa kampuni nyingine, GlobalFoundries. Wengi waliona huo ndio mwisho wake.

Yaliyofuata ndiyo yanayoeleza kwa nini zile laptopu tatu zilikuwa mezani kwangu pamoja. Intel ilifika nanomita 14 mwaka 2014 na hatua iliyofuata ilikuwa 10. Ikajiwekea lengo kubwa kuliko kawaida: badala ya kuongeza transista mara mbili, iziongeze karibu mara 2.7 kwa mkupuo mmoja. Na ilitaka kufanya hivyo kwa mwanga wa zamani.

Nieleze huo mwanga, maana bila kuuelewa ushindani wote unabaki maneno matupu. Chipu huchorwa kwa mwanga unaopita kwenye kiolezo na kuangukia kisahani cha silikoni kilichopakwa dawa inayobadilika ikimulikwa. Mwanga uliotumika ulikuwa urujuanimno wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 193. Kuchora mistari myembamba kwa mwanga huo ni kama kuandika risiti kwa kipande cha mkaa. Kwa hiyo mchoro mmoja unagawanywa na kuchorwa kwa awamu mbili, tatu, hata nne. Aliyewahi kusimama Barabara ya Nasser, kule kwenye wachapaji wetu, anaijua hatari yake. Kadi ya harusi yenye rangi nne inapita kwenye mashine mara nne, na karatasi ikisogea kidogo tu katika mara ya tatu, jina la bibi harusi linatoka na kivuli chekundu pembeni. Mchapaji anaitupa kadi hiyo na kuweka nyingine. Kwenye chipu, kusogea kwa nanomita chache kunaharibu kazi ya miezi mitatu, na chipu mbovu zikizidi kwenye kisahani, kiwanda hakipati faida. Intel ilikwama hapo. Prosesa za nanomita 10 zilizotarajiwa miaka mingi nyuma zilichungulia kwa uchache mwaka 2018, zikaanza kusambaa mwaka 2019. Za kompyuta za mezani zilibaki kwenye 14 hadi mwaka 2021.

AMD haikuwa na kiwanda cha kuikwamisha. GlobalFoundries ilipotangaza mwaka 2018 kwamba inaachana na nanomita 7, AMD, ikiongozwa na Lisa Su, ilipeleka michoro yake TSMC, kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987 kwa wazo ambalo wakati huo lilionekana la ajabu: kutengeneza chipu za watu wengine na kutouza hata moja kwa jina lake. Mwaka 2019 prosesa za AMD ziitwazo Ryzen, za nanomita 7, zikatoka. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, AMD ilikuwa na transista ndogo kuliko za Intel kwenye kompyuta za mezani. Mimi nauona huo kuwa ushindi wa TSMC kama ulivyo wa AMD, na nadhani wanaoshangilia nembo husahau kiwanda.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halisemi. Kwenye Ryzen hizo za mezani za mwaka 2019, vipande vyenye viini vya kufanyia hesabu ndivyo vya nanomita 7. Kipande cha katikati, kinachozungumza na RAM na vifaa vingine, ni cha nanomita 12. Prosesa moja, vizazi viwili, na tangazo linataja kile kidogo.

Mwanga mpya nao ulikuja. Unatoka kwenye mashine za ASML ya Uholanzi, kampuni pekee duniani inayoziuza, na mashine moja ina bei inayozidi dola milioni 150. Ndani yake matone ya bati yanadondoka, nayo leza inayapiga mara 50,000 kila sekunde. Kila tone linageuka mvuke wa moto mkali unaotoa mwanga wenye mawimbi ya nanomita 13.5. Hewa ya kawaida inaumeza mwanga huo, kwa hiyo kazi yote inafanyika mahali palipoondolewa hewa, na badala ya lenzi vinatumika vioo. TSMC na Samsung ziliuingiza mwanga huu kwenye uzalishaji mapema. Intel ilichelewa, ikalipa gharama ya kuchelewa.

Mwaka 2021 Intel ilibadilisha majina. Kizazi kilichokuwa toleo lililoboreshwa la nanomita 10 kikaitwa Intel 7, bila neno nanomita. Wengine walisema ni ujanja. Mimi naona ilikuwa haki kwa kiasi, kwa sababu ile hesabu ya miti shambani tumeshaiona: walikuwa sawa na 7 ya jirani huku wakiitwa 10. Baadaye likaja jina 18A, ambapo A inasimamia angstromu, sehemu ya kumi ya nanomita. Na mwaka 2024 Intel yenyewe ilipeleka TSMC vipande vyenye viini vya baadhi ya prosesa zake za Core Ultra.

Kwenye simu mambo ni yaleyale. Prosesa ya Helio G85 ya MediaTek, iliyomo kwenye simu nyingi za bei nafuu, ni ya nanomita 12, na Helio G99 ni ya 6. Zote zimetoka TSMC, kwa hiyo hapo namba mbili zinalinganishika vizuri zaidi, kwa kuwa kiwanda ni kimoja.

Nirudi mezani. T460 ile ilikuwa na Core i5-6300U ya mwaka 2015: viini 2. T480 ilikuwa na Core i5-8350U ya mwaka 2017: viini 4. Zote mbili ni nanomita 14, na zote zimepangiwa umeme wa wati 15. Nanomita haikubadilika, lakini ya pili inafanya kazi nyingi kwa pamoja kuliko ya kwanza, kwa sababu Intel iliendelea kunoa 14 ileile na kupanga upya kilichomo ndani. Anayeangalia nanomita peke yake atazihesabu kuwa mapacha na kuchukua ya bei ya chini.

T14 ilikuwa na Ryzen 5 PRO 4650U ya mwaka 2020: viini 6, wati 15 hizohizo. Hapa kizazi cha kiwanda kimefanya kazi yake. Transista ikiwa ndogo inahitaji umeme kidogo kufungua na kufunga, ndiyo maana viini sita vinaweza kukaa ndani ya wati zilizotosha viwili. Kwa mwanafunzi anayeishi hosteli ya Kikoni, ambako umeme unakatika akiwa katikati ya kazi, hilo ni jambo kubwa. Lakini "mara mbili" yake haikuwa hesabu sahihi. Kwa namba tupu, 14 kwa 7 ingekuwa na maana ya transista mara nne kwenye eneo lilelile. Ukihesabu miti, ni mara mbili na ushei. Na kasi ya kazi moja inayotegemea kiini kimoja inapanda kwa kiasi kilicho chini ya hapo.

Nilimwambia asiniamini mimi. Alikuwa na flashi yenye video ya mradi wake wa chuo. Tukachomoa chaja za T480 na T14, tukafungua faili ileile kwenye zote mbili, tukaziamuru zitoe video iliyokamilika, kisha tukakaa kimya tukisikiliza feni. Ya T480 ilianza kuvuma mapema. Ya T14 ilivuma pia, baadaye, na ikamaliza kazi kwanza. Akaandika dakika za kila moja kwenye kiganja kwa kalamu.

Alichukua T14. Kabla ya kutoka aliirudia T480, akaichomoa betri yake ya nyuma, akaipima uzito mkononi na kuirudisha mahali pake. "Hii ingenisaidia usiku," akasema, akalipa ile nyingine.