Kushusha resolusheni hakukuzi maandishi, kunaharibu picha

Hapa Malindi mtu akinunua laptopu ya ex-UK akatiwa Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows), halafu aone maandishi madogo, ushauri anaopewa ni ule ule kila mara: shusha resolusheni. Nausikia kwa mafundi, nausikia kwa walimu, na mwenye laptopu anaenda zake kukaa na kioo chenye ukungu mwaka mzima akidhani ndo kilivyo, wakati kioo ni kizima kabisa.

Resolusheni ni hesabu ya pikseli, basi. Pikseli ni vile vinukta vya rangi vinavyofanya picha, ukiambiwa 1920 kwa 1080 manake vinukta 1920 kwa upana na 1080 kwenda chini, jumla 2,073,600. Mwangaza ni habari nyengine, na inchi zapimwa kwa rula, kona hadi kona.

Sasa hapa ndo pananiuma. Nadhani ushauri wenyewe ulitoka kwa zile monita za zamani zenye mgongo mkubwa, zile picha ilikuwa inachorwa na mwale wa elektroni kwa hivo ukiweka 800 kwa 600 au 1024 kwa 768 zote zilikaa vizuri tu. Kioo cha laptopu ya sasa hakiko hivo, vinukta vyake vimepangwa kiwandani na vitabaki idadi hiyo mpaka kivunjike, ni kama mkeka ulokwisha shonwa, huwezi kuupunguzia ukili ukabaki na upana ule ule. Ukienda kwa setingi ukachagua 1366 kwa 768 vinukta viko pale pale vyote. Kinachotokea ni kwamba kompyuta inachora picha ndogo ya vinukta 1,049,088, kama nusu tu ya vilivyoko, kisha picha hiyo inavutwa mpaka ijaze kioo. Na ukigawa 1920 kwa 1366 unapata kama 1.4, yani kila nukta iliyochorwa inatakiwa ikae juu ya nukta moja na kitu, na nukta ya kioo haikatiki, basi rangi zinachanganywa na za jirani na ndo ule ukungu unaouona pembeni mwa herufi. Macho yakichoka watu wanalaumu laptopu.

Kile mtu anachokitaka hasa kinaitwa skeli. Skeli haigusi idadi ya vinukta, inaiambia programu itumie vinukta vingi zaidi kuchora kitu kile kile. Ukiweka 200% herufi iliyokuwa na vinukta 10 kwenda juu inachorwa kwa 20, kwa hivo inakuwa kubwa na inazidi kuwa kali. Na sababu ya herufi kuonekana ndogo mwanzo ni hiyo hiyo ukiigeuza: chukua laptopu mbili za inchi 14, moja 1366 kwa 768 nyengine 1920 kwa 1080, ya kwanza ina vinukta kama 112 kwa kila inchi, ya pili kama 157, sasa herufi ikichorwa kwa vinukta vile vile lazima ile ya pili itoke ndogo. Hiyo ya pili ndo laptopu bora, na ndo inayoharibiwa na huu ushauri.

Kwa Ubuntu, aina moja ya Linux, ingia setingi za displei, skeli iko chini ya resolusheni kwenye ukurasa ule ule, na ukitaka 125% au 150% huenda ukakuta swichi ya kuwasha kwanza. Mashine ikiwa nzee na inakokota, skeli za katikati hivo zaweza kuielemea, basi acha 100% ukuze maandishi peke yake, kwa Mint, aina nyengine ya Linux, iko upande wa fonti, weka 1.2 uone. Inatosha wengi.

Ziko mara resolusheni yenyewe ndo ina makosa, siwezi kukataa. Kama umepewa 1024 kwa 768 peke yake na kila kitu kimevutika, tatizo laweza kuwa draiva, ile programu inayoendesha sehemu ya picha, haijashika, au fundi alipokuwa anainstoli aliweka nomodeset (amri inayoizuia draiva ya picha) ili iwake na hakuitoa. Au ulikuwa umeunganisha projekta darasani ukaonyesha picha moja pande zote mbili, hapo laptopu inashuka ifuate projekta, na ukichomoa waya mara nyengine hairudi. Kama uko kwa X11 (mfumo wa zamani wa Linux wa kuchora picha kwenye kioo) fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike xrandr, utaona orodha, penye nyota ndo unapotumia sasa na penye alama ya kujumlisha ndo kioo chenyewe kinapopataka. Alama hizo mbili zikikaa mstari mmoja kwa kawaida resolusheni yako iko sawa, usiiguse.

Basi maalim, dada yangu, yeyote utakayempelekea fundi hiyo laptopu, usimwambie akushushie resolusheni manake atakushushia kweli. Mwambie akuongezee skeli, na kama alishaishusha mwambie airudishe juu kwanza ndo aanze kuongeza.