On the Waterfront: Terry Malloy na dhamiri iliyochelewa

Filamu hii ya Elia Kazan ilitoka mwaka 1954, ikarekodiwa Hoboken, New Jersey. Inamhusu Terry Malloy, bondia wa zamani anayetumikia genge linalowatawala makuli wa bandarini. Wengi wanaikumbuka kwa namna ambayo yenyewe haiungi mkono.

Dhana: Terry ni mtu mwema aliyechoshwa na uovu.
Ukweli: tunakutana naye akishiriki mauaji. Ndiye anayemwita Joey Doyle, kuli aliyekuwa tayari kulitolea genge ushahidi, apande juu ya paa kuchukua njiwa wake, na huko Joey anasukumwa na watu wa genge. Terry alidhani watamtisha tu. Hata kaka yake Charley, naye mtu wa genge, anapouawa na kutundikwa kwenye kulabu, yeye anakimbilia bastola. Ni Padri Barry anayemshawishi akapambane kwa kutoa ushahidi dhidi ya genge.

Dhana: makuli wananyamaza kwa uaminifu.
Ukweli: wananyamazishwa na njaa. Kila asubuhi mnyapara anateua wa kufanya kazi, na mwenye mdomo hateuliwi. Bosi wa genge, Johnny Friendly, ndiye anayefaidika tukiuita woga huo uaminifu. Mimi uaminifu nauona ndani ya teksi. Charley ametumwa amzibe mdogo wake mdomo, naye anamtolea bastola. Terry anaisogeza kando taratibu, kama anayemwonea huruma, kisha anamkumbusha pambano la ngumi alilolazimishwa kuliuza. Hakuna anayeomba radhi. Charley anamkabidhi ile bastola na kumwacha aende zake, na gharama yake anaijua. Sijaona msamaha mzito kuliko huo katika filamu za uhalifu, na haukutamkwa.

Dhana: ukikiri, umesamehewa.
Ukweli: Terry anapomweleza Edie, dada wa Joey, honi ya meli inameza maneno yote. Tunamwona Edie akiziba masikio, kisha anakimbia. Na baada ya Terry kutoa ushahidi, kijana aliyekuwa akimhusudu anaua njiwa wake.

Dhana: ni utetezi wa Kazan tu.
Ukweli: nusu. Aprili 1952 Kazan aliwataja mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka Wakomunisti wenzake wanane wa zamani katika kundi la maigizo, na katika kitabu cha maisha yake cha 1988 alikiri kwamba Terry alimsemea. Lakini kisa kina mizizi katika ripoti za Malcolm Johnson kwenye gazeti la New York Sun mwaka 1948, na Padri Barry ana mfano wake halisi, Padri John Corridan. Ulinganisho wenyewe, kwa maoni yangu, haukai: Friendly aliua watu, wale wanane kosa lao lilikuwa uanachama wa Chama cha Kikomunisti. Kazan alipopewa Oscar ya heshima mwaka 1999, baadhi ya waliokuwemo ukumbini hawakusimama wala kupiga makofi.